Ladha ya Chuma Mwisho wa Meza

Mfikirie anavyoingia. Ni saa moja na nusu asubuhi, korido ya kiwanda cha chai bado ina unyevu wa deki, nawe umesimama nyuma ya meza ndefu, kimya kama wanavyosimama wote. Unasikia viatu kwanza. Kisha mlango unasukumwa kwa kiwiko, maana mwenyewe hashiki kitasa kabla ya kazi, asije akaondoka na harufu ya sabuni ya mtu. Ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu, mrefu, koti jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata, nywele zimeanza kuingia majivu. Hasemi habari za asubuhi. Anatikisa kichwa tu, midomo imefungwa. Mgeni atadhani ni maringo. Waliozoea watakunong'oneza: "Mwache. Mzee Fyuu hafungui hazina mpaka maji yachemke."

Fyuu lilikuwa jina la kazini, na lilitokana na kazi yenyewe. Alikuwa mwonjaji wa chai. Mwonjaji hanywi kama mimi na wewe tunavyokunywa, kwa adabu. Huchota kijiko kimoja, akakivuta kwa kishindo pamoja na hewa, fyuu!, chai ikatawanyika mdomo mzima kama mvua ya upepo, ulimi, kaakaa, mashavu, hadi puani. Anaizungusha, anaitema kwenye ndoo ndefu yenye magurudumu anayoisukuma kwa goti, kisha anatamka neno moja. "Changa." "Imeungua." "Ina uhai." Msaidizi wake, mwanamke mwembamba aliyekuwa naye kwa miaka minne, anaandika. Neno lile moja ndilo linaloamua mzigo utakwenda kwa nani.

Vikombe vilikuwa arobaini, vyeupe, havina mikono. Kushoto, sampuli za mashine ya kwanza ya kusaga majani. Kulia, za mashine ya pili. Ndivyo vilivyopangwa tangu kiwanda kifunguliwe, na kila asubuhi Mzee Fyuu alianza kushoto akaenda kulia. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Nani anauliza kwa nini mlango uko mlangoni?

Sasa, ndugu yangu, mdomo kama ule una masharti. Kitunguu marufuku. Pilipili marufuku. Sigara usiitaje. Na asubuhi ya kazi, dawa ya meno marufuku pia, kwa sababu ule ubaridi wake hukaa kwenye ulimi nusu siku, chai zote zikafanana. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia: asubuhi piga mswaki kwa maji matupu, dawa tumia jioni. Naye akashika hivyo kwa miaka kumi na tano, bila kosa.

Kosa lilianza siku mswaki ulipotoka na damu. Alikuwa na miaka arobaini hivi. Alitema kwenye sinki la nyumbani, akaona uzi mwekundu, akaenda kazini, na chai tatu za kwanza zikawa na ladha ya chuma. Mtu mwingine angesema, fizi zinatoka damu, nikaonane na daktari. Mwonjaji alisema: mswaki unanijeruhi ulimi wangu wa kazi. Akauweka kando asubuhi. Na kweli chuma kikaondoka. Akafurahi, akaona amegundua dawa. Baada ya mwaka, damu ikaja na jioni, akapumzisha na jioni. Akawa anasukutua maji ya vuguvugu na kusugua meno ya mbele kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayefuta kioo cha picha. Hakusikia maumivu hata siku moja, na hilo ndilo lililomponza. Jino likiuma mtu hukimbia. Fizi huoza kimya kimya.

Wa kwanza kujua alikuwa mkewe. Nani mwingine? Lakini mke huijua harufu miaka mitatu kabla ya kuitamka. Siku alipoitamka walikuwa wamekaa sebuleni, yeye anachambua mchele.

"Baba watoto, nikwambie neno usikasirike?"

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Mdomo wako unanuka. Siyo sana. Ila siyo kidogo."

Alimtazama kana kwamba ametukaniwa mama yake. "Mdomo huu ndio unaotulisha, mama. Umesomesha watoto watatu mdomo huu."

"Sijasema haukusomesha. Nimesema unanuka. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nani anakufa na fizi?" Akacheka, akiziba mdomo kwa kiganja. Tangu siku ile akawa analala akiuelekea ukuta. Mkewe hakurudia tena.

Mkewe huyo alikuwa na kaka, na kaka huyo alikuwa fundi wa mashine ya pili. Kiwandani walimwita Fundi Grisi, kwa sababu hata arusini alikuja na weusi chini ya kucha. Mtu mfupi, mcheshi, anayeipenda mashine yake mpaka anaisalimia. "Umeamkaje, bi mkubwa?" anaiuliza, kisha anaweka sikio kwenye bati. Na Mzee Fyuu ndiye aliyemwingiza kazini, miaka kumi na moja nyuma. Kwa hiyo mle ndani kila mtu alikuwa na mtu wake, na hawa wawili walikuwa mashemeji, mmoja anasaga, mmoja anaonja.

Basi ikafika asubuhi moja, Mzee Fyuu yuko kwenye kikombe cha thelathini na moja, akavuta, akasimama. Hakuzungusha. Akatema.

"Chuma."

Msaidizi akainua kalamu. "Chuma vipi, Mzee?"

"Chuma ni chuma. Andika."

Kikombe cha thelathini na mbili, chuma. Thelathini na tano, chuma. Arobaini, chuma kabisa, kama kulamba msumari. Msaidizi akachukua kijiko chake, akavuta, akakunja uso, akavuta tena.

"Samahani, Mzee. Mimi sikipati."

"Umeanza kuonja lini, binti?"

"Miaka minne."

"Mimi ishirini na sita. Subiri ulimi wako ukomae."

Akaandika. Angefanyaje? Alipotoka nje kumwaga ndoo, mfagiaji alimuuliza mbona uso umeshuka, akamjibu, "Nyani haoni kundule," kisha akajuta, akamsihi asimwambie mtu.

Kesho yake chuma kilikuwepo, na keshokutwa. Daima kulia, daima mashine ya pili. Meneja akamwita Fundi Grisi. Fundi akaifungua mashine yote, akaipanga sakafuni kipande kwa kipande juu ya turubai, akafuta, akaangalia kila jino la chuma kwa tochi, akaifunga. Hakukuta hata unga wa chuma wa kujaza kucha. Wakaonja. Chuma. Akaifungua mara ya pili. Chuma. Mara ya tatu alikuja nyumbani kwa shemeji yake jioni, akakataa kukaa kitini kwa sababu ya nguo chafu, akachuchumaa karibu na mlango.

"Shemeji, hebu niambie kama mtu na ndugu yake. Una hakika?"

"Ulimi haudanganyi, shemeji."

"Kwa sababu bi mkubwa ni mzima. Nakuapia. Namjua kuliko ninavyomjua dada yako."

"Basi labda unamjua vibaya."

Mkewe alikuwa jikoni, akasikia. Akaja na vikombe viwili vya chai, akaviweka, akasimama. "Mume wangu, huyu ni kaka yangu."

"Na ile ni kazi yangu," Mzee Fyuu akajibu. Na mimi ninayekusimulia siwezi kusema alikuwa mwongo. Alikuwa anakionja kile chuma. Kilikuwepo mdomoni mwake, wazi kama chumvi.

Mwezi wa saba Fundi Grisi akapewa barua. Uzembe, ilisema, na chini yake sahihi mbili, ya meneja na ya mwonjaji mkuu. Wakaleta fundi mwingine, wakabadilisha roli za kusagia. Chuma kikatoweka wiki mbili, maana katika wiki hizo Mzee Fyuu alikuwa na mafua na msaidizi ndiye aliyeonja. Kila mtu akasema, unaona? Mzee aliporudi mezani chuma kikarudi kidogo kidogo, lakini barua haikurudishwa. Fundi Grisi akapata kibarua kwenye mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko, na akina mama waliopanga foleni walimtania mbele ya uso wake: "Tusagie unga tu, fundi, vyuma tunavyo nyumbani." Alicheka pamoja nao. Ule ucheshi wake ukaanza kuchelewa kidogo, kama saa inayohitaji kutiwa ufunguo.

Kilichomtoa Mzee Fyuu nyumbani hadi kwa daktari wa meno si harufu wala damu. Jino la mbele la chini lilianza kucheza. Akivuta kijiko, lile jino linainama na hewa, na fyuu yake ikawa na mluzi. Wafungasha maboksi walikuwa wanauiga.

Daktari alikuwa dada wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Chumba kidogo, kiti kimoja, dirisha linalotazama ukuta. Akachukua kijiti chembamba chenye alama kama rula, akakipitisha kati ya fizi na jino. Kikazama. Akakipitisha jino la pili, kikazama. Kila alipogusa, damu ilichuruzika, na Mzee Fyuu, kwa mazoea, aliionja.

"Baba, mara ya mwisho kupiga mswaki sawasawa ni lini?"

Akamweleza, kwa fahari kidogo, jinsi alivyoulinda ulimi wake. Daktari akavua miwani.

"Pole sana. Umefanya kinyume. Fizi ikitoka damu ndipo inapotaka kusafishwa zaidi, polepole lakini kila siku. Wewe umeuacha ukoga ukajenga nyumba, na chini yake mfupa wa taya unaliwa."

"Kwa hiyo vijidudu vimekula mfupa?"

"Laiti vingekuwa vijidudu peke yake." Akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa mtu wa kupenda kueleweka. "Mwizi akiingia nyumbani kwako, unafanyaje?"

"Napiga yowe."

"Majirani wanakuja, wanamkamata, wanarudi kulala. Vizuri. Mwili wako nao unapiga yowe. Chembe zake zinatoa vitu vidogo sana, vinaitwa saitokini. Ni wajumbe. Zinaita, njooni, kuna mwizi kwenye fizi! Askari wa damu wanakuja, fizi inavimba, inakuwa nyekundu. Hiyo ni kazi njema. Lakini mwizi wako hakuondoka, baba. Amejificha kwenye ukoga, chini ya kitanda. Basi yowe linaendelea mwezi, mwaka, miaka kumi. Majirani wanazidi kuja, wamejaa uani, wanakanyaga bustani, wanavunja ua, wanabomoa ukuta wakimtafuta. Na saitokini zilezile zinawaamsha wabomoaji wa mfupa: bomoa hapa, rudisha nyuma taya. Aliyekubomolea si mwizi peke yake. Ni watu wako."

Mzee Fyuu alipapasa taya kwa kidole. Kisha akauliza, "Mfupa unarudi?"

"Uliokwenda, mwingi umekwenda. Tutasafisha chini ya fizi ili yowe lipungue, tuokoe uliobaki. Haya mawili ya mbele sikupi ahadi. Na kapime sukari. Yowe la muda mrefu haliishii mdomoni, wajumbe wanapita kwenye damu, na sukari ikiwa juu fizi nazo zinazidi. Vinalishana."

Alipima. Ilikuwa juu.

Lakini kabla hajanyanyuka kwenye kile kiti, aliuliza swali jingine, na aliliuliza kwa sauti ndogo. "Daktari, damu hii hutoka saa zote?"

"Fizi zako zikisumbuliwa hutoka. Ukila kitu kigumu. Ukivuta vuta mdomo, kama unavyosema unafanya kazini. Kijiko cha kwanza labda usione kitu. Ukifika cha thelathini, ya nini nikudanganye?"

Siku iliyofuata alikwenda kazini saa kumi na mbili, kabla ya yeyote. Akapanga vikombe mwenyewe. Sampuli za mashine ya pili akaziweka kushoto, za mashine ya kwanza kulia. Akachemsha maji, akamimina, akasubiri dakika sita kama kanuni inavyotaka. Akaanza. Fyuu, tema. Fyuu, tema. Vikombe ishirini vya mashine ya pili vilikuwa safi, vina uhai, chai ya kumsifu aliyeisaga. Kwenye kikombe cha ishirini na tisa, cha mashine ya kwanza, chuma kikaja. Alivuta vyote vilivyobaki, hakuruka hata kimoja. Kisha akachungulia ndani ya ndoo, akaona pinki.

Msaidizi alimkuta amekaa juu ya kreti. Akatazama meza, akatazama vibandiko vilivyogeuzwa, akaelewa. Hakusema nilikuambia. Alisema, "Nikuletee maji, Mzee?" na upole ule ulimchoma kuliko tusi.

Nataka umtendee haki hapa: alikwenda kwa meneja saa mbili na nusu, kwa miguu yake, akasema yote. Meneja alikuwa anakula karanga. Akaacha kutafuna.

"Umemwambia nani?"

"Msaidizi anajua."

"Atanyamaza, ana akili. Sikiliza, Mzee wangu. Watu hawanunui majani hapa, wananunua ulimi wako. Sahihi yako iko kwenye kila mzigo. Nikisimama niseme ulimi ulikuwa na damu, nani atakunywa chai yetu? Watasema tangu lini? Utawajibu nini?"

"Sijui tangu lini."

"Umeona."

"Na fundi?"

"Fundi ameshapata kazi. Ameshazoea." Akasukuma bakuli la karanga, kisha akakumbuka, akalivuta tena. "Nenda katibiwe. Panga vikombe unavyotaka. Mwaka mmoja na nusu unastaafu kwa heshima. Au vunja nyumba ya wenzako mia mbili ili uoshe moyo wako mmoja. Hiari yako."

Wewe utasema, hilo si jibu. Ni kweli. Lakini ukiwa na miaka hamsini na tatu, mtu mmoja akikuonyesha mlango wa kutokea, hata ukiwa mchafu, miguu huutazama. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe habari za sukari. Za chuma hakusema. Akapiga mswaki usiku ule, damu ikatoka, akaendelea kusugua.

Wiki ya tatu ya matibabu yale meno mawili ya mbele yakang'olewa, yalitoka kama mbegu kwenye tope. Daktari akamwekea pamba, akamwambia ang'ate nusu saa, asizungumze. Akarudi nyumbani saa nane mchana, shavu limelala kwa ganzi, akakaa kwenye kochi. Mkewe akaenda kumpikia uji.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Fundi Grisi, ana mfuko wa machungwa.

"Usiseme, usiseme, dada ameniambia. Nimekuja kukupa pole tu." Akavua viatu mlangoni, akakaa mbele yake, magoti pamoja. Kucha zake zilikuwa nyeupe kwa unga. "Machungwa sijui utayalaje, sikufikiria. Utayanusa."

Mzee Fyuu akainua mkono kushukuru.

"Shemeji," fundi akasema, na ule utani ukamtoka usoni, "kwa kuwa huwezi kunijibu, acha niseme, maana siku zote nashindwa. Nimefikiri sana kule kwenye unga. Mtu hawezi kujua chuma cha mdomoni mwa mwenzake. Ulipoonja, ulionja. Labda kuna usiku nilichoka, sikufuta vizuri. Labda kuna bolti sikuiona. Nilikuapia bi mkubwa ni mzima, nikakubishia mbele ya dada yangu, wewe uliyeniingiza kazini. Nimekuaibisha. Nisamehe, ndugu yangu."

Jikoni mwiko ulikuwa unagonga sufuria, taratibu. Mkewe alikuwa anasikia au hasikii, hatujui.

Mzee Fyuu alimtazama. Macho yake yalijaa maji, na fundi akadhani ni jino. Kisha kichwa kikainama, kikainuka. Alikuwa ameitikia. Alikuwa amemsamehe mtu.

"Ahsante," Fundi Grisi akasema, akapumua mpaka mabega yakashuka. "Unajua, nitalala leo." Akasimama, akaaga kwa sauti kuelekea jikoni, akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Ile nusu saa ya daktari ilikwisha zamani, pamba imekauka, ulimi unaweza. Fundi ameshafunga kamba ya kiatu cha kulia, anavuta ya kushoto, anasema peke yake kitu kuhusu mvua.

Sasa niambie wewe, uliyekaa nami mpaka hapa: ile pamba, ungeitoa?